Asiyekuwepo na Lake Halipo

Kuanzia tarehe 10 Machi 2022, ukifungua Minecraft kwenye kompyuta kwa akaunti ya zamani ya Mojang, gemu haikukuingiza. Pesa ulishalipa. Jina ni lako. Pasiwadi unaikumbuka vizuri kabisa. Lakini mlango umehamishwa, na wa kuingilia sasa ni mmoja tu: akaunti ya Microsoft. Hama kwanza, ndio ucheze.

Ikafika 19 Septemba 2023, hata ile njia ya kuhama ikafungwa. Ambaye kufikia siku hiyo hakuwa amehama, gemu aliyoilipia ilimponyoka. Akiitaka tena, atoe pesa upya kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza.

Najua kuna msomaji ameshaguna. Gemu? Na nchi ina mambo mazito hivi? Sawa, lakini vumilia kidogo, kwa sababu hii stori si ya gemu peke yake. Ni historia ya namna kampuni kubwa zilivyojifunza kuhamisha watu kwa makundi, na ya nani huachwa nyuma kila mara msafara unapoondoka. Tumezoea kudhani anayeumia ni yule anayekataa, yule mbishi. Ukifuatilia unaona sivyo. Mbishi hupiga kelele wiki mbili, halafu anahama. Anayepoteza ni yule ambaye siku ya kuhamishwa hakuwepo. Wahenga walishalisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko Minecraft. Chukua Flickr, ile tovuti ya picha iliyoanzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 2004 na Stewart Butterfield na Caterina Fake. Wachache wanajua kwamba hawa watu walikuwa wanatengeneza gemu ya mtandaoni, na Flickr ikazaliwa humo ndani kama kitu cha pembeni. Gemu ikafa, picha zikashika. Machi 2005 Yahoo ikainunua. Mwanzoni mwa 2007 wale wateja wa kwanza kabisa, waliojiita wa shule ya zamani, wakaambiwa: tarehe 15 Machi ndiyo mwisho, fungueni akaunti ya Yahoo au hamtaingia tena kwenye picha zenu. Wakalalamika sana. Wengi wao hawakuwa na shida ya kuandika pasiwadi nyingine. Shida yao ilikuwa kwamba walijiunga na watu fulani, nyumba fulani, na sasa wanaambiwa nyumba hiyo ni chumba kimoja cha jumba kubwa ambalo hawakuwahi kuliomba. Hawakusikilizwa. Na ona mambo: mwaka 2018 Flickr ikauzwa tena, kwa SmugMug, na mwaka uliofuata wateja wakahamishwa kutoka kwenye akaunti za Yahoo. Ule mlango uliokuwa wa lazima mwaka 2007, miaka 12 baadaye ukang'olewa.

Baadaye zamu ikawa ya wachezaji wa World of Warcraft. Hii gemu ya Blizzard ilitoka Novemba 2004, na kwa miaka mitano uliingia kwa jina la akaunti ulilojichagulia. Mwaka 2009 kampuni ikawaambia wote: unganisheni akaunti zenu na Battle.net kabla ya katikati ya Novemba, la sivyo hamchezi. Battle.net ilikuwa mtandao wa kampuni hiyo hiyo tangu 1996, kwa hiyo wengi waliona ni usafi tu wa ofisi. Badala ya jina, sasa unaingia kwa barua pepe. Basi.

Miezi isiyozidi tisa ikapita. Tarehe 6 Julai 2010 Blizzard ikatangaza kwamba yeyote atakayeandika kwenye mabaraza yake ya majadiliano ataonekana kwa jina lake halisi, la kwanza na la ukoo. Kwa nini waliweza hata kufikiria jambo hilo? Kwa sababu majina halisi walikuwa nayo, na tayari yalikuwa yameunganishwa na kila kitu ulichocheza. Msichana anayecheza kwa jina la kubuni ili asisumbuliwe na wanaume, mwalimu asiyetaka wanafunzi wamjue, wote wangeanikwa. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa hadi siku tatu baadaye, tarehe 9 Julai, mkuu wa kampuni, Mike Morhaime, akatangaza kwamba mpango umeachwa.

Weka huo mpangilio akilini, kwa sababu unajirudia: kwanza unaunganishwa, halafu ndipo unajua umeunganishwa na nini.

Sasa turudi Minecraft. Ilianza mwaka 2009 kama kazi ya mtu mmoja, Msweden Markus Persson. Ilikuwa haijakamilika, na aliiuza hivyo hivyo. Kipindi cha alfa bei ilikuwa euro 9.95, na walionunua wakati huo waliahidiwa kwamba matoleo yote ya mbele watapata bila kulipa tena. Hii ahadi ni muhimu. Watu hawakuwa wananunua gemu iliyopo. Walikuwa wanamwamini jamaa, wanamlipa mapema ili apate nguvu ya kumaliza. Akamaliza. Toleo kamili lilitoka Novemba 2011, na Septemba 2014 Microsoft ikatangaza kuinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Hakuna gemu iliyowahi kuuza nakala nyingi kiasi hicho.

Na usidhani Nairobi ilikuwa mtazamaji tu. Mwaka 2012 Mojang na UN-Habitat, ambayo makao yake yako hapa Gigiri, walianzisha mradi wa Block by Block. Wazo lilikuwa kwamba wakaazi wachore sehemu zao za wazi kwa kuzijenga ndani ya Minecraft, kabla wahandisi hawajagusa udongo. Kati ya maeneo ya mwanzo kabisa ulikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Kwa hiyo mtu akikwambia hivi ni vitu vya watoto, mkumbushe kwamba kuna uwanja wa kweli, mtaa wa kweli, ambao mipango yake ilipitia kwenye matofali hayo ya kwenye skrini.

Kwa miaka sita baada ya mauzo, Microsoft haikugusa mlango wa toleo la kompyuta, lile la Java. Wa zamani sana waliendelea kuingia kwa jina tu. Walionunua kuanzia mwisho wa 2012 waliingia kwa barua pepe, kupitia akaunti ya Mojang. Halafu Oktoba 2020 likaja tangazo: wote mtahamia Microsoft.

Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na tuwe wakweli, haikuwa uongo. Akaunti ya Mojang ilikulinda kwa pasiwadi na maswali matatu ya aina ya mnyama wako wa kwanza aliitwa nani. Haikuwa na ule uthibitisho wa hatua ya pili, ambapo unatumiwa namba kwenye simu. Akaunti za Minecraft zilikuwa zinaibwa na kuuzwa mtandaoni kwa bei ya soda. Watoto walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta jina lao lina mtu mwingine. Kwa hiyo kubadilisha kufuli kulihitajika. Waliohama walipewa hata joho la bure la kumvalisha mchezaji wao, kama zawadi ya utiifu.

Lakini kubadilisha kufuli ni jambo moja, na kuwanyang'anya nyumba wasiokuja kuchukua ufunguo mpya ni jambo lingine. Hapa ndipo naomba tukae kidogo.

Ili uhame ulipaswa kuthibitisha kwamba akaunti ni yako, na uthibitisho huo ulipitia barua pepe. Sasa fikiria nani alinunua Minecraft mwaka 2010, 2011, 2012. Wengi walikuwa watoto. Mwingine alinunuliwa na mjomba, kwa barua pepe ya mjomba, kwa kadi ya mjomba. Mwingine alifungua anwani akiwa na miaka 11, kwa jina la aibu, na hajaifungua tangu aingie sekondari. Mwingine alicheza miaka mitatu, akaacha, akaenda kutafuta maisha, akijua gemu ipo tu siku atakapopata nafasi. Ilani ilitumwa kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Na yule ambaye bado ni mdogo, akiandika tarehe yake ya kuzaliwa kwenye akaunti mpya, anaambiwa alete mzazi mwenye akaunti amkubalie. Mzazi mwenyewe labda hajui hata Microsoft inauza nini.

Barua pepe hufa, jamani. Hili watu wa ofisi zenye viyoyozi hawalielewi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na miezi michache baadaye anwani niliyokuwa nimepewa na chuo ikazimwa. Hakuna aliyenijulisha. Kila kitu nilichokuwa nimekifungua kwa anwani ile kikabaki upande wa pili wa ukuta, pamoja na kazi zangu za mwaka mzima. Niliandika kuomba hata wiki moja ya kuchukua vitu vyangu. Jibu likaja kwamba nitume ombi kwa kutumia anwani yangu ya chuo. Na laini ya simu ni vivyo hivyo: ikikaa bila kutumika inafungwa, na baada ya muda namba inapewa mtu mwingine, ambaye sasa ndiye anayepokea zile namba za siri zako. Kampuni inadhani mtu ana anwani moja maisha yote. Sisi tunajua mtu anahama, anafukuzwa, anakosa bando, anaibiwa simu Tom Mboya, anaanza upya.

Tena tuseme kilichopotea sawasawa, tusikuze mambo. Dunia ulizojenga peke yako zinakaa kwenye kompyuta yako, hizo hazikuguswa. Kilichopotea ni ruhusa ya kuingia ulikolipia kuingia, na jina ambalo wenzako walikujua nalo kwenye seva. Kama mlijenga mji na marafiki zako wanne wa shule, mji huenda bado upo, na hao wenzako bado wanaweza kuutembelea. Wewe huwezi. Na wapo waliofariki, ambao ndugu zao walikuwa wakiingia mara moja moja kuangalia walichokijenga. Marehemu hahami.

Ule mpangilio wa Blizzard nao ukajirudia. Machi 2022 lango likafungwa, na tarehe 27 Julai mwaka huo huo likatoka toleo la 1.19.1. Ndani yake kulikuwa na mfumo wa kuripoti maneno ya mchezaji kwa kampuni. Ukipatikana na hatia unafungiwa kucheza mtandaoni kabisa, hata kwenye seva ambayo rafiki yako anaiendesha mwenyewe nyumbani kwake. Unaweza kusema watoto walihitaji ulinzi, na ni kweli walihitaji. Lakini miaka yote ya nyuma mwenye seva ndiye aliyekuwa mwenye boma, anayeamua nani aingie na nani atoke. Sasa juu ya mwenye boma pakawa na mkuu mwingine. Bila akaunti moja kwa wote, mkuu huyo asingekuwa na pa kukaa.

Microsoft haikuwa peke yake. Facebook ilinunua Oculus, watengenezaji wa zile miwani za uhalisia pepe, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2. Mwanzilishi wake, Palmer Luckey, aliwahakikishia wateja kwamba hawatalazimishwa kuingia kwa Facebook. Agosti 2020 ikatangazwa kwamba watalazimishwa, na wa zamani wana mpaka tarehe 1 Januari 2023. Tena ukifuta akaunti yako ya Facebook, gemu ulizonunua zinakwenda nayo. Mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ikafungua uchunguzi Desemba 2020. Mwaka 2021 Mark Zuckerberg akasema watalegeza, na Agosti 2022 ikaja akaunti nyingine ya kampuni hiyo hiyo, ya Meta, isiyohitaji Facebook. Nataka uone kitu hapa. Lililoitwa la lazima kabisa, lisilo na njia nyingine, lilipata njia nyingine mara tu mtu mwenye nguvu alipouliza swali.

Na sasa tufike nyumbani, kwa sababu kuna aina ya kutokuwepo ambayo haihusu barua pepe. Unaweza kuwa macho, bando unalo, kila ilani umeisoma, na bado ukahesabiwa kuwa haupo, kwa sababu nchi yako haimo kwenye orodha.

Tarehe 8 Februari 2024 ilitoka Helldivers 2, iliyotengenezwa na Arrowhead ya Uswidi na kuchapishwa na Sony. Ilishika moto. Watu wa kompyuta waliinunua kwenye Steam, wakacheza karibu miezi mitatu bila kulazimishwa kitu. Tarehe 3 Mei Sony ikatangaza: unganisheni akaunti zenu na PlayStation Network, yaani PSN. Wapya kuanzia tarehe 6 Mei, na waliopo mwisho wao ni tarehe 4 Juni. Sababu? Usalama, tena.

Tatizo ni kwamba PSN haikuwepo rasmi katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Afrika Kusini ilikuwa kwenye orodha. Kenya haikuwemo, Tanzania na Uganda vilevile. Mtu wa hapa aliuziwa gemu kihalali, kisha akaambiwa aonyeshe kitambulisho ambacho nchi yake haitoi.

Wakenya tunaijua njia ya kuzunguka. Wengi wanaocheza PS katika miji hii wana akaunti inayosema wanaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kadi za PSN za nchi hizo unaziuziwa na kijana mmoja mtandaoni, unamtumia M-Pesa, anakutumia namba. Maisha yanaendelea. Lakini masharti ya Sony yanakutaka utoe taarifa za kweli, kwa hiyo kila kitu ulichonunua kwa miaka hiyo yote kinaning'inia kwenye uongo mdogo ambao kampuni inaweza kuamua kuuona siku yoyote. Tunaishi humo kama wapangaji wasio na mkataba.

Safari hii wachezaji hawakulalamika kwa barua. Walikwenda pale panapouma, kwenye ukurasa wa gemu yenyewe Steam, wakaandika tathmini mbaya zaidi ya 200,000 ndani ya siku chache. Wengine walidai pesa zao na wakarudishiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei, Sony ikasalimu amri na sharti likaondolewa. Siku tatu tu, kama za Blizzard mwaka 2010. Lakini gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni katika nchi zile zisizo na PSN, na hata baada ya ushindi nchi nyingi zilibaki zimefungiwa kwa muda mrefu. Yaani waliokuwa na gemu waliokolewa na kelele. Waliokuwa hawajanunua, katika nchi zisizo kwenye orodha, hawakuwa na pa kupigia kelele.

Ukizipanga hizi hadithi unaona tofauti kati ya zilizoshinda na zilizoshindwa. Blizzard 2010 na Sony 2024 walirudi nyuma kwa sababu walioguswa walikuwepo wote kwa pamoja, wakicheza usiku huo huo. Oculus waliregea baada ya serikali moja kuwauliza. Minecraft haikurudi nyuma, kwa sababu walioumia zaidi walikuwa wametawanyika, hawajui, wengine hawakujua mpaka leo. Watu ambao hawapo hawaandamani.

Basi tuwaandamanie, kwa sababu wanachostahili si kikubwa. Kampuni ikitaka kubadilisha mlango, ibadilishe, na mlango wa zamani ikitaka iufunge. Usalama ni sababu nzuri ya kumzuia mtu asiingie na pasiwadi mbovu ya mwaka 2010. Lakini si sababu ya kumwambia mwaka 2024, akija na risiti yake mkononi, kwamba alichonunua si chake tena. Hayo ni mambo mawili, na kampuni huyafunga kwenye tarehe moja tukadhani ni jambo moja.

Na asituambie mtu kwamba haiwezekani. Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2011 iliyounda mamlaka ya mali ya kifedha isiyodaiwa, UFAA. Akaunti ya benki ikilala miaka, mwenyewe hajulikani aliko, benki hairuhusiwi kusema amechelewa kisha ikazila. Inazipeleka UFAA, na pale zinakaa mpaka mwenyewe, au watoto wake kama amefariki, aje na karatasi zake azidai. Mchakato una usumbufu wake, sikatai, waliopitia wanajua foleni na fomu. Lakini msingi wake ni kwamba mtu kutoonekana hakumfanyi aache kuwa mwenye mali. Bunge letu liliona hilo kwa shilingi zilizolala benki. Kwa gemu, kwa picha, kwa jina ulilojengea miaka kumi, bado hakuna aliyeliandika popote, na tarehe nyingine za mwisho zinapangwa wakati tunasoma hapa.